Meno Bandia Yanayoshikiliwa na Vipandikizi: Mwongozo kwa Anayekusudia Kuyavaa na kwa Anayeyavaa Tayari

Meno bandia ya kuvaa na kuvua yanayoshikiliwa na vipandikizi ni seti ya meno ya akriliki ambayo hukaa juu ya fizi kama meno bandia mengine, lakini ambayo upande wake wa ndani umewekewa vishikizo vinavyonasa kwenye skrubu ndogo zilizopandwa ndani ya mfupa wa taya. Neno kipandikizi limezoeleka zaidi Afrika Mashariki katika uzazi wa mpango, ambako humaanisha kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Katika tiba ya meno humaanisha skrubu ya titani, yaani metali nyepesi, imara na isiyoshika kutu, inayochukua nafasi ya mzizi wa jino lililong'oka. Meno haya yako katikati ya mbinu mbili zinazojulikana zaidi: upande mmoja yapo meno bandia ya kawaida, yanayotegemea fizi, mate na misuli ya mdomo pekee, na upande mwingine lipo daraja linalofungwa moja kwa moja juu ya vipandikizi, ambalo mvaaji hawezi kulitoa mwenyewe.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyebaki kibogoyo, ama katika taya moja ama katika mataya yote mawili, na kwa ajili ya ndugu wanaomsaidia kuamua. Jambo linalosisitizwa humu ni kwamba upasuaji wa kupanda skrubu ni sehemu fupi ya tiba hii, ilhali sehemu ndefu, inayodumu kwa umri wote uliobaki wa mvaaji, ni usafi wa kila siku na ukaguzi wa kila baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo anayeikubali tiba hii anapaswa kujua ni nani atakayemhudumia baada ya miaka 5 au 10, na kulijua hilo kabla hajaanza kulinganisha bei.

Kwa nini meno bandia ya chini hucheza

Meno bandia ya juu hufunika kaakaa lote, na utando mwembamba wa mate ulio kati ya akriliki na kaakaa huyafanya yagande kama vioo viwili vilivyolowa maji. Meno ya chini hayana kaakaa la kushika. Yana umbo la upinde unaopita juu ya ukingo mwembamba wa fizi, ulimi ukiyasukuma kutoka ndani na mashavu na mdomo vikiyasukuma kutoka nje. Eneo linaloyabeba ni dogo vilevile, kwani vipimo vinavyotumiwa katika mafunzo ya udaktari wa meno huonyesha takriban sentimita 23 za mraba katika taya la juu, dhidi ya sentimita 12 hivi katika taya la chini.

Tatizo hilo huongezeka kadiri miaka inavyopita, kwa sababu mfupa unaozunguka mizizi ya meno huishi kwa kazi ya kutafuna, na meno yanapotoka mfupa huo huanza kulika na kupungua kimo. Mtafiti Antje Tallgren, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972 na uliowafuatilia wavaaji wa meno bandia kwa muda uliofikia miaka 25, alionyesha kwamba ukingo wa taya la chini hupungua takriban mara 4 zaidi ya ule wa taya la juu. Ndiyo maana mtu aliyevaa seti yake kwa raha katika miaka ya mwanzo huja kugundua kwamba inaelea anapozungumza, inaumiza anapotafuna na inahitaji gundi kila asubuhi, ingawa seti yenyewe haijabadilika hata kidogo: kilichobadilika ni mfupa ulio chini yake.

Matokeo yake huonekana katika chakula na katika heshima ya mtu. Nguvu ya kuuma ya anayevaa seti kamili za kawaida hushuka hadi takriban robo ya nguvu ya mwenye meno yake, au chini ya hapo, na kwa hiyo nyama, karanga, mahindi ya kuchoma na matunda magumu huondoka kwenye sahani yake, ugali laini, uji na chai vikibaki. Wengine huacha kula mbele za watu, hukataa mialiko ya harusi, au huongea wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono, na hasara hiyo haistahili kuchukuliwa kuwa ni sehemu ya kawaida ya uzee ambayo mtu hana budi kuivumilia.

Jinsi titani inavyoshikana na mfupa

Msingi wa tiba hii uliwekwa na daktari na mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ambaye mwaka 1952, akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani, aliona kwamba vifaa hivyo haviwezi tena kutolewa kwa sababu mfupa ulikuwa umekua na kushikana navyo. Mwaka 1965 alimpandikizia binadamu wa kwanza, Gösta Larsson, skrubu 4 za titani katika taya la chini, na vipandikizi hivyo viliendelea kufanya kazi hadi mgonjwa huyo alipofariki mwaka 2006. Larsson alipewa meno yaliyofungwa moja kwa moja, yaani yasiyovuliwa, lakini kanuni ya kushikana kwa mfupa na titani ndiyo hiyohiyo inayotegemewa na meno ya kuvaa na kuvua.

Kushikana huko hakutokani na saruji wala gundi. Baada ya skrubu kukazwa katika tundu lililotobolewa kwa kipimo chake, chembe hai za mfupa husogea taratibu hadi kwenye uso wa titani na kujenga mfupa mpya unaogusana nao bila kuacha utando laini katikati. Kazi hiyo huhitaji wiki kadhaa hadi miezi kadhaa, na huhitaji skrubu iwe tulivu. Ikitikiswa mapema, mwili huizungushia nyama laini badala ya mfupa, na hapo huwa imeshindwa. Faida nyingine ni kwamba mfupa unaozunguka kipandikizi hupata tena kazi ya kubeba mzigo, na hivyo hupungua polepole kuliko ule ulioachwa ukiwa mtupu.

Idadi ya vipandikizi na aina za vishikizo

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, walikubaliana kwamba seti ya chini inayoshikiliwa na vipandikizi 2 ndiyo inayostahili kuwa chaguo la kwanza kwa mtu asiye na jino hata moja katika taya la chini, na tamko lililotolewa York, Uingereza, mwaka 2009 liliunga mkono msimamo huo. Vipandikizi hivyo viwili hupandwa sehemu ya mbele ya taya, mahali zilipokuwa chonge, kwa sababu mfupa wa hapo huwa mgumu na hubaki hata baada ya miaka mingi, na kwa sababu ni mbele ya matundu mawili ambamo mishipa ya fahamu ya mdomo wa chini hutokea. Katika taya la juu mfupa ni laini zaidi, tena huwa karibu na uwazi wa pua na wa mashavu, na kwa hiyo madaktari wengi hupendekeza vipandikizi 4 au zaidi. Kwa mwenye fedha za taya moja tu, kwa kawaida taya la chini ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa ndilo lenye shida kubwa na ndilo linalohitaji skrubu chache.

Kishikizo ni kiungo kati ya skrubu na meno bandia, nacho huwa na pande mbili: upande mmoja umefungwa juu ya kipandikizi na upande mwingine umezamishwa ndani ya akriliki, pande hizo zikikutana kama vifungo vya kubonyeza vya nguo. Aina zinazotumika sana ni tatu.

Aina ya kwanza ni vishikizo vya kitufe, ambavyo huwa na kichwa cha mviringo kama gololi ndogo au kichwa kifupi kilicho bapa, na ambavyo hunaswa na kikombe chenye pete ya mpira au ya nailoni. Vishikizo hivi ni rahisi kusafisha, havihitaji nafasi kubwa ndani ya seti, na pete zake zikichoka hubadilishwa kwa dakika chache. Katika mifumo mingi, rangi ya pete huonyesha kiwango cha nguvu ya kushika, hivyo daktari anaweza kumwekea mwenye mikono dhaifu pete inayoachia kwa urahisi.

Aina ya pili ni ufito wa metali unaounganisha vipandikizi viwili au zaidi, seti ikiupanda kwa vibanio vilivyo ndani yake. Ufito huifanya seti itulie sana, lakini hugharimu zaidi, huhitaji kimo cha kutosha ndani ya mdomo na fundi stadi wa maabara, na chini yake hujificha mabaki ya chakula ambayo mtu asiye na subira ya kusafisha atayaacha yaoze.

Aina ya tatu ni sumaku, ambayo hushika kwa nguvu ndogo lakini hujinasa yenyewe, na kwa hiyo huwafaa watu ambao mikono yao hutetemeka au imekakamaa. Udhaifu wake ni kwamba sumaku huliwa na mate gamba lake linapopasuka, na kwamba mwenye sumaku lazima aitaje kabla ya kuingizwa katika mashine ya kupiga picha kwa nguvu za sumaku, kwa sababu inaweza kuharibu picha. Titani yenyewe haivutwi na mashine hiyo.

Nani anafaa, na nani asubiri kwanza

Umri mkubwa peke yake haumzuii mtu, kwani mwenye miaka 80 aliye na afya nzuri anaweza kupona vizuri kuliko mwenye miaka 50 anayevuta sigara na ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa. Kinachoangaliwa ni uwezo wa mfupa kupona na uwezo wa mtu kuutunza mdomo wake. Kabla ya kukubaliwa, mgonjwa anapaswa kumweleza daktari bila kuficha mambo yafuatayo.

Kisukari hutajwa kwanza, kwa kuwa sukari iliyo juu kwa muda mrefu hudhoofisha uponaji na hukaribisha maambukizi; daktari atataka kuona kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3, badala ya kipimo cha asubuhi moja. Tumbaku hufuata, iwe ya kuvuta, ya kunusa au ya kutafuna pamoja na tambuu, kwa sababu hubana mishipa midogo ya damu ya fizi na huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa. Dawa za kuimarisha mifupa za jamii ya bisfosfoneti, pamoja na denosumabu, ni lazima zitajwe, hasa kwa aliyepewa kwa sindano kutokana na saratani, kwa kuwa mfupa wa taya wa mtumiaji unaweza kufa baada ya upasuaji. Hali kadhalika na mionzi ya tiba ya saratani iliyoelekezwa kichwani au shingoni. Dawa za kuyeyusha damu, zikiwemo aspirini na wafarini, hazipaswi kuachwa kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Madaktari wawili, wa meno na wa moyo, ndio wanaopaswa kushauriana. Kuishi na virusi vya Ukimwi kwa kawaida si kizuizi pale dawa zinapotumiwa ipasavyo na kinga ya mwili iko imara.

Mtu ambaye bado ana meno machache anapaswa kusita kabla ya kukubali yang'olewe yote, kwa kuwa ugonjwa wa fizi uliobaki hutibiwa kwanza, na kwa kuwa mizizi michache iliyo imara, hasa ya chonge, inaweza kukatwa usawa wa fizi, kutibiwa na kuachwa ili ishikilie seti kama vipandikizi vinavyofanya, tena kwa gharama ndogo. Mzizi wa asili ulio mzima hulinda mfupa vizuri, na ukishang'olewa haurudi.

Hatua za tiba tangu uchunguzi hadi kuvaa

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Daktari hukagua fizi, kaakaa, ulimi na nafasi iliyopo kati ya mataya, kisha hupiga picha ya eksirei inayoonyesha mataya yote kwa pamoja, na pale inapohitajika huongeza picha ya pande tatu, inayopima unene wa mfupa na umbali wake kutoka kwenye mishipa ya fahamu.

Hatua ya pili, ambayo baadhi ya watu hushawishika kuiruka, ni kutengeneza seti nzuri ya meno ya kawaida. Vipandikizi hushikilia seti isitoke, lakini havirekebishi seti iliyoumbwa vibaya, yenye meno yasiyokutana au kimo kisicho sahihi. Seti kama hiyo ikishikiliwa kwa nguvu huvunjika, hutafuna pete zake haraka na huumiza fizi zaidi. Seti nzuri pia humwonyesha daktari mahali meno yatakapokaa, na kwa hiyo mahali skrubu zinapopaswa kupandwa.

Hatua ya tatu ni upasuaji, ambao kwa vipandikizi viwili vya chini kwa kawaida hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, naye hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mfupa hutobolewa polepole kwa vyuma vinavyoongezeka unene hatua kwa hatua, huku maji ya chumvi yaliyo safi kabisa yakimiminwa ili kuupoza, kwa sababu mfupa unaopashwa joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huumia, na mfupa ulioumia haushikani na titani. Skrubu nyingi huwa na kipenyo cha milimita 3.5 hadi 4.5 na urefu wa milimita 8 hadi 13. Zipo pia skrubu nyembamba, chini ya milimita 3, zinazotumiwa pale mfupa ulipo mwembamba sana, na faida na mipaka yake inapaswa kuelezwa kabla ya kuchaguliwa.

Pale mfupa usipotosha, daktari anaweza kupendekeza unga wa kujazia mfupa pamoja na utando wa kuufunika. Bidhaa hizo hutokana na vyanzo mbalimbali: mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mfupa wa mtu aliyejitolea, mfupa au ngozi ya ng'ombe au ya nguruwe, na nyingine hutengenezwa kiwandani. Msomaji ambaye dini au dhamiri yake inamwekea mipaka ana haki ya kuuliza chanzo cha kila bidhaa mapema, kwa kuwa mara nyingi upo mbadala, na swali hilo lina nafasi kabla ya upasuaji, wala si baada yake.

Hatua ya nne ni kusubiri. Utaratibu wa awali wa Brånemark ulihitaji miezi 3 katika taya la chini na miezi 6 katika taya la juu. Siku hizi, kutokana na skrubu zenye uso uliokwaruzwa ili mfupa uzishike upesi, muda huo mara nyingi hupunguzwa hadi wiki 6 au 12, kutegemea ugumu wa mfupa. Baada ya hapo vishikizo hufungwa, seti huchimbwa nafasi kwa ndani, na vikombe vya vishikizo huganda ndani ya akriliki mvaaji akiwa ameuma kwa namna ya kawaida.

Siku na wiki za mwanzo

Katika saa 24 za kwanza baada ya upasuaji, mgonjwa huuma kitambaa cha chachi hadi damu ikatike, huweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu kwa vipindi vifupi, na huepuka chakula cha moto, kusukutua kwa nguvu na kutematema mate, mambo ambayo huweza kung'oa damu iliyoganda. Uvimbe huongezeka kwa siku 2 au 3, kisha hupungua. Chakula kinachofaa ni uji wa vuguvugu, mtori, viazi vilivyopondwa, mayai laini, samaki aliyechambuliwa na maharage yaliyosagwa, kwa kuwa mwili unaojenga mfupa unahitaji protini na hautapona kwa chai na mkate pekee.

Seti ya zamani haivaliwi juu ya kidonda mpaka daktari aipunguze kwa ndani na kuiwekea kitanda laini, jambo ambalo mara nyingi hufanywa baada ya wiki moja au mbili. Mgonjwa anayeivaa mapema ili asionekane kibogoyo mbele za watu anaweza kuzitikisa skrubu zake katika kipindi kilekile zinapohitaji utulivu. Ganzi ya mdomo wa chini au ya kidevu isiyoisha hadi siku inayofuata inapaswa kuripotiwa mara moja, kwa sababu huenda mshipa wa fahamu umebanwa, na msaada unaotolewa mapema ndio wenye nafasi ya kufaa.

Kuvaa, kuvua na kusafisha

Seti huwekwa mahali pake kwa vidole, ikilinganishwa kwanza juu ya vishikizo, kisha ikibonyezwa sawasawa pande zote mbili hadi mlio mdogo usikike. Kuibana kwa kuiuma, kama wengi wafanyavyo kwa haraka ya asubuhi, hukata pete za nailoni na huzikwaruza skrubu pale seti ilipokaa upande. Kuivua hufanywa kwa vidole gumba vikiinyanyua kulia na kushoto kwa wakati mmoja, mbele ya beseni lenye maji au juu ya taulo lililokunjwa, kwani akriliki inayoanguka sakafuni hupasuka.

Usafi una sehemu mbili, na kamba hukatikia pembamba: sehemu inayosahauliwa ndiyo inayowaangusha wengi. Sehemu ya kwanza ni seti yenyewe, ambayo huoshwa baada ya kila mlo na kusuguliwa angalau mara moja kwa siku kwa mswaki wake na sabuni ya maji isiyo kali. Dawa ya meno ya kawaida huwa na chembe zinazoikwaruza akriliki, na mikwaruzo hiyo huwa maficho ya kuvu. Maji ya moto huikunja. Jiki na dawa nyingine za kung'arisha nguo hula metali na kuharibu nailoni. Usiku seti huvuliwa na kulazwa ndani ya maji safi ili isikauke, na fizi zipate kupumua, kwa kuwa anayelala na meno yake usiku hadi usiku huishia kupata wekundu na kuvu chini ya seti.

Sehemu ya pili, inayosahauliwa, ni vishikizo vilivyobaki mdomoni. Kila kimoja husuguliwa pande zote kwa mswaki laini wenye kichwa kidogo, hasa pale titani inapokutana na fizi, mpaka ukoga, yaani utando mlaini wa vijidudu na mabaki ya chakula, uondoke wote. Mwenye ufito hupitisha uzi mnene wa meno au kibrashi chembamba chini yake. Mswaki wa mti, ambao wengi wanaujua vizuri, unaweza kusafisha ulimi na fizi, lakini nyuzi zake ngumu hazifiki kila pembe ya kishikizo, na kwa hiyo hautoshi peke yake.

Ukaguzi na dalili zisizopaswa kungojwa

Mwaka wa kwanza ndio wenye mahudhurio mengi: siku chache baada ya kuvaa, kisha baada ya mwezi, kisha baada ya miezi 3 na 6, na kuanzia mwaka wa pili ukaguzi mmoja au miwili kwa mwaka huwatosha wengi. Daktari hupima fizi, hukagua kama skrubu zimelegea, hubadilisha pete zilizochoka na hupiga eksirei. Kwa kawaida mfupa hushuka takriban milimita 1 hadi 1.5 katika mwaka wa kwanza, na baada ya hapo hupotea chini ya milimita 0.2 kwa mwaka. Kushuka kunakozidi hapo ni ishara ya tatizo. Mfupa wa nyuma, usio na vipandikizi, huendelea kupungua, na kwa hiyo seti inayoyumba nyuma huhitaji kuongezewa akriliki kwa ndani ili ikae sawa tena. Pete huchoka ama baada ya miezi kadhaa ama baada ya mwaka au zaidi, nayo ni matengenezo ya kawaida, kama kubadilisha tairi la gari.

Ugonjwa unaotishia vipandikizi zaidi ni uvimbe wa fizi unaovizunguka. Mwanzoni fizi huwa nyekundu na hutoka damu inapoguswa, mfupa ukiwa bado mzima, na katika hatua hiyo usafi makini huweza kuiponya kabisa. Ukipuuzwa, uvimbe hushuka na kuanza kuula mfupa, na hasara hiyo mara nyingi hairudi. Ugonjwa huu aghalabu hauumi, jambo linalowadanganya wengi. Kwa hiyo fizi inayotoka damu, usaha, harufu isiyoisha, kipandikizi kinachotikisika, kidonda kisichopona ndani ya wiki 2, au seti ambayo ghafla haikai kama jana, ni mambo ya kumpeleka mtu kwa daktari juma hilohilo.

Gharama na maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Bei hutofautiana sana kati ya miji na kati ya vituo, na bei ya skrubu peke yake haisemi mengi. Anayelinganisha bei anapaswa kuomba maandishi yanayotaja kila kitu kilichomo: uchunguzi na picha, seti mpya, skrubu, vishikizo, kazi ya maabara, mahudhurio ya mwaka wa kwanza, pamoja na bei ya pete na ya kuongeza akriliki katika miaka inayofuata. Akiwa na bima, anapaswa kupata jibu la maandishi kuhusu vipandikizi hasa, kwa kuwa maneno huduma ya meno katika mkataba huenda yakamaanisha kung'oa na kuziba tu.

Yapo maswali mengine yanayomlinda. Je, daktari amesajiliwa na baraza la nchi husika, kama vile Baraza la Madaktari la Tanganyika kwa Tanzania Bara au baraza la madaktari na madaktari wa meno nchini Kenya, na amepata mafunzo ya kupanda vipandikizi? Je, aina ya skrubu inayotumiwa inapatikana kwa urahisi, na vipuri vyake vinahifadhiwa hapohapo? Je, kipandikizi kisiposhika, nani atalipia kurudia? Mwishowe, mgonjwa aombe kadi yenye jina la mtengenezaji, aina, vipimo na namba ya toleo la kila skrubu na kila kishikizo. Kadi hiyo ni ya lazima hasa kwa wanaosafiri kutibiwa India au kwingineko na kisha kurudi nyumbani, kwa sababu mifumo haiingiliani, na daktari wa Mombasa au Mwanza asiyejua aina iliyomo mdomoni hataweza kuagiza pete ya thamani ndogo inayohitajika.

Kwa anayeyavaa na kwa atakayemsaidia

Mtu anayeamua akiwa na miaka 60 anapaswa kuyaamulia pia macho na mikono atakayokuwa nayo akiwa na miaka 80. Hapo ndipo meno ya kuvaa na kuvua yanapolizidi daraja lililofungwa, kwa kuwa siku mvaaji atakapopatwa na kiharusi, kutetemeka au usahaulifu, mtu mwingine ataweza kuyatoa, kuyaosha na kufikia vishikizo vilivyobaki, ilhali daraja lililofungwa haliwezi kutolewa nyumbani. Hata hivyo, msaada huo haujitokezi wenyewe. Wauguzi na jamaa wengi hawajui kwamba mdomoni mwa mzee wanayemwogesha mna skrubu, wala kwamba zinahitaji mswaki. Kwa hiyo, pamoja na kadi ya vipandikizi inayotunzwa kwenye bahasha ya nyaraka za matibabu, mvaaji achague mtu mmoja wa nyumbani, awe mwenzi, mtoto au mjukuu, amkalishe mbele ya kioo, na amfundishe kuyavua na kuyavalisha kwa mikono yake mwenyewe, wakati yeye mvaaji bado ana nguvu za kueleza.